Makato ya Silvester

Kila siku saa nne, kengele ya mapumziko ikishalia, Damari alikuwa na utaratibu wake. Alijimiminia uji wa ulezi kwenye kikombe cha bati, akavuta rundo la madaftari ya darasa la tatu, akakaa dirishani mahali penye jua, akasahihisha huku uji ukipoa. Walimu wenzake walishamzoea. Walijua kwamba ukimsemesha kabla hajafika daftari la chini kabisa utajibiwa "ehee" tu, na macho hayatanyanyuka.

Siku hiyo hakufika mbali. Kalamu nyekundu ilichomolewa vidoleni mwake katikati ya alama ya pata.

"Leo hatusahihishi watoto," alisema Mwalimu Faustina, ameinyanyua kalamu juu Damari asiweze kuifikia. "Leo tunasahihisha waajiri. Sogea huko."

Faustina alifundisha darasa la kwanza katika shule hiyo hiyo ya binafsi, pale Kihesa, Iringa, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na watoto sitini. Alijibana kwenye benchi la Damari na kuweka simu juu ya madaftari. Alikuwa ameupata mtandaoni ukurasa wenye kikokotoo cha mshahara. Unaandika fedha yako yote kabla haijakatwa, unabonyeza, na chenyewe kinakutolea mchango wa pensheni, kodi ya mapato, na kile kitakachofika mkononi.

Neno kikokotoo lilimfanya Mwalimu Liberatus, ambaye kustaafu kwake hakukuwa mbali, aweke gazeti chini.

"Kikokotoo gani tena? Hicho kilishanikokotoa, mimi sina damu."

"Sio kile cha mafao, baba. Hiki ni cha mshahara tu. Hiki hakiumi."

"Vyote huanza hivyo hivyo."

Faustina aliandika mshahara wake kwanza. Jibu likatoka sawasawa na karatasi aliyopewa na mhasibu, na uso wake ukapoa kidogo, kama mtu aliyekwenda kuamua ugomvi akakuta wenyewe wameshalala. Wa Mwalimu Liberatus nao ukawa sawa. Mwalimu wa hisabati alikataa kutaja wake, akasema ataukokotoa kichwani.

"Haya, zamu ya shemeji," Faustina akamgeukia Damari. "Si yuko Mbeya kwa yule Bwana Taher wa vifaa vya ujenzi? Lete tuone kama hawamwonei."

"Mwache shemeji yako na kazi zake."

"Unaogopa nitamkopa?"

Chumba kizima kikacheka. Damari naye akacheka kidogo, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kukataa, akataja kwa sauti ya chini: laki saba. Aliujua mshahara huo vizuri. Siku Silvester alipopandishwa kuwa msimamizi wa ghala alirudi na mkataba kwenye bahasha, akasimama katikati ya chumba chao cha kupanga pale Ilemi, Mbeya, na kuusoma wote kwa sauti, hadi saini. Damari alikuwa amekaa kitandani, mkono juu ya tumbo lililokuwa limeshakuwa kubwa, na alimwambia, "Rudia pale penye fedha, mtoto hakusikia vizuri." Silvester akainama na kurudia karibu kabisa na tumbo.

"Pensheni elfu sabini," Faustina alisoma. "Kodi elfu arobaini na mbili. Shemeji anaondoka na laki tano na themanini na nane elfu. Mbona yuko vizuri."

Damari aliacha kucheka. Kikombe cha uji alikuwa amekishika kwa mikono miwili.

Kwa zaidi ya mwaka sasa, kila mwisho wa mwezi, Silvester alimpigia simu kwa sauti ile ile ya mtu aliyechoka na kumwambia kwamba kodi imepanda, na pensheni nao wameongeza, mkononi zimebaki laki nne na kitu. Yeye alimwamini. Alifanya zaidi ya kumwamini, alimwonea huruma. Alimkataza asimtumie fedha ya pango la Iringa. Aliacha kununua mafuta mazuri ya kujipaka, akahamia kwenye yale ya kupima kwa kijiko. Usiku alipokuwa anasali aliwataja watu wa kodi, ili Mungu awalainishe mioyo.

"Hebu rudia," alisema. "Labda umekosea sifuri."

Faustina akarudia. Damari akaomba simu, akaandika mwenyewe, akabonyeza. Namba zikaja zile zile.

Kengele ikalia, walimu wakatoka mmoja mmoja. Faustina hakuinuka.

"Yeye anakwambia anapata ngapi?"

Damari akamwambia.

Faustina akashusha sauti, jambo ambalo si kawaida yake, akasema, "Mwenzangu, hayo makato yamevaa kitenge."

Alipoona macho ya Damari alijuta pale pale. "Nimetania. Unanijua mdomo wangu."

"Najua," alisema Damari, akaanza kupanga madaftari ambayo hakuyasahihisha.

Lingetokea mwezi mwingine angelimeza kama alivyomeza mengi. Lakini shule zilikuwa zinafunga Alhamisi, na Jumatatu mwalimu mkuu alitaka jibu lake, kama anabaki au anahama. Shule moja ya Uyole, kule Mbeya, ilikuwa imekubali kumpokea. Silvester ndiye aliyemtafutia nafasi hiyo, akamwomba kwa maneno machache, kama kawaida yake: "Kama utaona inafaa." Damari alikuwa ameshaona inafaa. Alishaanza hata kuwagawia majirani masufuria. Sasa aliketi mbele ya darasa la tatu, watoto wanaimba jedwali la saba, na yeye akijiuliza kama anarudi kwa mume au anarudi kuwa mke wa pili bila kuambiwa.

Wengi pale Iringa walidhani aliondoka Mbeya kwa ajili ya kazi. Ndivyo alivyowaambia, na si uongo wote.

Ile mimba ilifika mwisho wake salama. Mtoto ndiye hakufika. Alitoka kimya, na mkunga alimnong'oneza Damari kwamba ni wa kike, basi, hakuongeza neno. Kisha wakaja wanawake wazee wa ukoo wa Silvester kutoka Mbalizi, wakiongozwa na Mama mdogo Devota, mke wa baba yake mdogo. Wakamchukua mtoto akiwa amefungwa kwenye khanga ambayo Damari alikuwa amemnunulia kwa ajili ya kumbebea. Katika ukoo ule mtoto asiyelia huzikwa na wanawake waliokwisha kukoma kuzaa. Mama haonyeshwi mahali, wala haambiwi, asije akapeleka machozi huko tumbo likajifunga. Damari aliporuhusiwa kutoka hospitali alikuta beseni la kuogea mtoto limeondolewa, na nguo ndogo, na hata ule msumari waliokuwa wamepigilia kwa ajili ya chandarua chake.

Silvester hakusema kitu. Alipika, alifua, aliuliza kama amekunywa dawa, alizima taa. Damari alimsubiri. Kila jioni alimsubiri aseme lolote kuhusu mtoto, hata neno baya, hata kwamba Mungu amewaonea. Mume wake alizungumzia bei ya mabati. Ilipotangazwa nafasi ya Iringa, Damari aliomba, akapata, na Silvester akambebea begi hadi stendi, akamnunulia maji na karanga, akasimama pale mpaka basi lilipoondoka.

Ijumaa alfajiri, bila kumwambia mtu isipokuwa Faustina, Damari alipanda basi la Mbeya.

"Nikae na simu mkononi?" Faustina alikuwa amemuuliza.

"Ya nini?"

"Ukikuta kitenge, nije nikichane."

Makambako baridi ilikuwa ya kukata masikio na abiria walijifunika mablanketi kama wagonjwa. Damari hakulala. Alikuwa akipanga maneno, akiyapanga upya, na kila alipoyakamilisha aliyaona ni ya mwanamke mwingine mwenye sauti kubwa. Alipoteremka Mbeya baada ya saa sita mchana hakuenda nyumbani Ilemi. Alihofia kukuta nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Alikwenda moja kwa moja dukani Uhindini.

Bwana Taher, mzee wa ndevu nyeupe fupi, alikuwa kwenye kiti chake karibu na sanduku la fedha, na binti yake Taslim, ambaye ndiye aliyekuwa anashughulikia mishahara, alikuwa mezani nyuma ya kompyuta.

"Shemeji Damari," Taslim alisimama. "Jamani, umetupotea. Karibu. Silvester yupo ghalani, nimwitie?"

"Ngoja kwanza, dada." Damari alisogea karibu ili wateja wasisikie. Aibu ilikuwa imempanda hadi masikioni. Alitoa simu, ukurasa ule uko wazi. "Naomba kuuliza tu. Nyinyi hapa mnakata kodi kwa kipimo gani?"

Taslim akaangalia. "Hiki hiki. Hata mimi kila mwezi nahakiki humo humo, kwa sababu baba haiamini kompyuta."

"Kompyuta naiamini," alisema Bwana Taher bila kugeuka. "Wewe ndiye sikuamini."

"Unamsikia?" Taslim alicheka, akavuta miwani yake. "Kwa hiyo Silvester ni pensheni sabini, kodi arobaini na mbili. Halafu kuna ule mkopo wa kiwanja, huo humu hutauona. Kikokotoo hakina sehemu ya kuandika madeni ya mtu. Ila hongereni, shemeji. Mbalizi siku hizi ardhi haishikiki, mmewahi."

Damari aliishika meza.

"Eh, Mbalizi," alisema polepole, kama mtu aliyekuwa analijua siku zote. "Ahsante, dada."

Taslim alimtazama, na kicheko kikamtoka usoni. Akavua miwani. Bwana Taher naye aligeuka sasa, akamwangalia Damari, akamwangalia binti yake, akarudi kwenye fedha zake.

Ghala lilikuwa ng'ambo ya barabara. Damari alivuka bila kutazama magari. Kiwanja. Hadi hapo alikuwa bado amejiachia kaupenyo: labda anacheza bahati nasibu, labda anamsaidia ndugu mgonjwa akaona haya kusema. Lakini mtu hanunui kiwanja kwa siri ili aote jua. Kiwanja kina mtu atakayejengewa.

Silvester alikuwa mlangoni akipokea saruji kutoka kwenye lori. Vumbi lilikuwa limemjaa kwenye nyusi na kope, amekuwa kama mzee. Alipomwona, furaha ilimwangaza uso mzima, na Damari aliiona, na mara tu nyuma ya furaha akaiona hofu.

"Damari. Mbona hukusema unakuja?"

"Na wewe mbona hukusema unanunua kiwanja?"

Wapakuzi wawili waliokuwa na mifuko mabegani walisimama. Mmoja akasema, "Bosi, sisi tukanywe chai?"

"Nendeni."

"Hata hatujaanza kazi," alinong'ona mwenzake.

"We twende, huoni hali ya hewa?"

Wakaondoka. Silvester alifuta mikono kwenye suruali, ikazidi kuwa nyeupe.

"Nani kakwambia?"

"Kodi imepanda, Silvester?" Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Nimeipima. Kodi haijapanda. Pensheni haijaongezwa. Mwaka mzima nakuonea huruma. Nakwambia usinitumie, nitajibana. Kumbe naibana roho yangu ili wewe ujenge."

"Sijengi."

"Basi anajenga nani? Kuna nani Mbalizi?"

Alifungua mdomo, maneno yakamkatalia. Damari alimjua akiwa hivyo. Ndiyo sura ile ile aliyokuwa nayo kila jioni baada ya hospitali, na kuiona tena kulimchoma kuliko kiwanja.

"Nilikatazwa kukwambia," alisema hatimaye.

"Na huyo mwanamke?"

"Na Mama mdogo."

Damari alimtazama tu. Silvester alikwenda kwenye pipa la maji, akanawa uso, akarudi akiwa na michirizi ya saruji shingoni.

"Twende ukaone," alisema. "Mdomo wangu hauwezi. Twende."

Bwana Taher alimpa ruhusa kabla hajamaliza kuomba, na funguo za pikapu juu yake. "Mzigo wa Mbalizi utaenda kesho," alisema. "Leo mpeleke mama." Kwa Damari akainamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu kwenye nyumba yenye jambo.

Njiani Silvester alianza kusema, akanyamaza kulipita lori. Akaanza tena pale Iyunga, akanyamaza. Damari aliangalia nje. Kulikuwa na wanawake wanauza viazi kwenye ndoo, na ukungu umeanza kushuka mlimani, na alijisemea kwamba akimkuta huyo mwanamke hatampigia kelele. Atamsalimia. Atarudi stendi, Jumatatu atamwambia mwalimu mkuu kwamba anabaki Iringa, na habari itakuwa imeisha. Alishangaa kuona kwamba wazo hilo halikumpa nafuu hata kidogo.

Walikata kushoto kabla ya soko la Mbalizi, wakaingia njia ya udongo. Damari alipakumbuka mahali hapo. Palikuwa shambani kwa Baba mdogo Didas. Aliwahi kuletwa mara moja, baada ya harusi, kutambulishwa. Siku ile lilikuwa shamba la mahindi na maharage mpaka bondeni. Sasa lilikuwa limekatwa vipande. Upande mzima wa barabarani ulikuwa umesawazishwa na kumwagwa kokoto, na malori yamepangwa humo na trela zake. Mahindi yalibaki ukanda mwembamba karibu na nyumba. Kwenye pembe ya mbali, kokoto zilipoishia, kilibaki kipande kidogo cha majani mabichi kilichozungushiwa ua wa matete, na kila kona pamesimikwa nguzo fupi ya zege.

Kipande kile hakikutosha kujenga hata jiko.

Mama mdogo Devota alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga. Alipomwona aliyeshuka upande wa pili wa gari alisimama, mikono ikabaki hewani.

Mikono ile. Damari alikuwa ameiona mara ya mwisho hospitalini, ikipokea kifurushi kwenye khanga yenye maua ya njano, na namna ilivyokuwa imekishika, kichwa kwenye kiwiko, kama kinachoweza kuumia. Aliigeukia tena ile pembe yenye matete. Hakuna aliyehitaji kumweleza kitu.

"Silvester," alisema mama mdogo. "Nilikwambia nini?"

"Uliniambia, mama."

"Na umemleta."

"Nimejileta, mama," alisema Damari. Akapiga goti kidogo kumsalimu, kwa sababu magoti yalifanya hivyo yenyewe. "Shikamoo."

Yule mama aliitikia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Haikuwa kwa ubaya, mwanangu. Ndivyo tulivyofanyiwa na sisi. Mimi wangu ni wawili. Mama mkwe aliwachukua nikiwa bado nimelala, na mpaka leo, uzee wote huu, nikipita njia yoyote hapa kijijini huwa nakanyaga taratibu." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nenda. Nenda ukamwone wako. Wewe angalau unaye aliyetukaidi kwa ajili yako."

Akageuka, akaingia ndani. Kwa muda walisikia sufuria zikigongana jikoni, kisha hazikusikika.

Walikwenda wakipita ukingoni mwa kokoto. Silvester akasogeza tete moja lililokuwa mlango, akampisha. Ndani palikuwa na majani yaliyofyekwa vizuri na kituta kimoja kifupi, kinachozidi kidogo tu urefu wa mkono wa mtu. Hapakuwa na msalaba wala jiwe. Damari alisimama. Alikuwa amedhani siku akifika mahali hapa, kama angefika, ataanguka na kupiga ukelele. Badala yake alitandika mtandio wake akakaa chini, taratibu, kama anavyokaa mtu pembeni ya mtoto aliyelala.

Silvester alichuchumaa upande wa pili. Na kwa kuwa alikuwa anatazama majani, si uso wa mtu, maneno yakaanza kutoka.

"Baba mdogo aliuza. Simlaumu, ana madeni yake na watoto shule. Mwenye malori alitaka shamba lote hadi huku bondeni. Nilipopata habari greda lilikuwa limeshafika. Nikamwambia yule bwana, hapa kuna kaburi. Akaniuliza kaburi gani lisilo na msalaba, jina lake nani. Sikuwa na jina la kumwambia." Aling'oa jani moja, akalizungusha vidoleni. "Baba mdogo akasema kama nakitaka ninunue kama mtu mwingine. Bei ya barabarani. Nikamwendea mzee Taher."

"Na mimi ukaniambia ni kodi."

"Ningesema nini? Kwamba kuna mtu anataka kumwagia kokoto juu yake aegeshe malori? Wewe ulikuwa huli. Mama mdogo akaniapisha, akasema nikikwambia mahali alipo nitakuwa nimekuua. Nikatafuta neno ambalo mtu haulizi swali la pili. Nikisema kodi, kila mtu anaguna tu, basi."

Damari aliweka kiganja juu ya kituta. Udongo ulikuwa wa baridi juu na vuguvugu kidogo chini yake, kwa jua lililokuwa limepita.

"Nani anafyeka?"

"Mimi. Jumapili, baada ya misa. Sina la kufanya hapa, nang'oa majani. Nikimaliza naondoka. Yakiota narudi." Lori moja liliwashwa nyuma yao, likanguruma, likazimwa. "Jumapili moja nilikaa mpaka mlinzi wa malori akaja kuniuliza kama nimepotea."

Damari alinyanyua uso. Katika miaka yote hakuwahi kumwona mume wake analia, na hakujua kwamba analia hivyo, mdomo umefungwa, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu anayebeba mifuko, machozi yakichora njia kwenye vumbi ambalo maji ya pipa hayakulitoa.

"Nimechoka kumlilia peke yangu, Damari," alisema. "Ile shule ya Uyole, mimi sikuitafuta kwa ajili ya mshahara. Nilitaka urudi. Sikujua nikuombe vipi bila kumtaja yeye."

Alimwacha amalize. Kisha alisogea akazunguka kile kituta kwa magoti, akakaa upande alipokuwa mumewe, mabega yakagusana. Alianza kung'oa majani mafupi yaliyokuwa mbele yake, moja moja, na alikuwa ameng'oa konzi nzima alipozungumza.

"Watu nimewaambia nilikwenda Iringa kwa ajili ya kazi," alisema. "Sio kazi, Silvester. Nilikuwa nakungoja useme, kila jioni nakungoja, na wewe unanipa bei za mabati. Niliondoka kwa sababu nilidhani nyumba ile nzima nimefiwa mimi tu. Nitarudi. Lakini nataka tumpe jina, na nataka liwe linatajwa nyumbani kwetu, mezani, mchana, mbele ya mama mdogo na mbele ya kila mtu. Nilikuwa na mtoto. Tulikuwa na mtoto."